Kunyoosha simulesheni ya mnyunyizo wa dizeli: anza na mizani, matone baadaye

Mnyunyizo wa kwenye kompyuta ukikataa kulingana na vipimo, wengi hukimbilia faili la kupasuka kwa matone. B1, namba ya modeli inayoamua matone yachelewe kiasi gani kupasuka, inapandishwa kutoka 10 hadi 40, inashushwa hadi 18, inapandishwa tena kidogo, mpaka mistari miwili ya grafu inalaliana. Grafu inapendeza, lakini namba ile imefunika kosa lililo kwingine: kwenye kiasi cha mafuta, kasi yanayotokea nayo tunduni, ukubwa wa seli (vijichumba ambavyo hesabu inagawanyia nafasi ya hewa), au densiti ya hewa. Injini ile ile ukiihamisha kutoka Dar es Salaam kuja Arusha, kosa linachungulia upya, na B1 yako haina la kusema.

Mpangilio wa hapa ni wa kinyume. Matone yanaguswa mwishoni, tena kidogo. Mifano ni ya OpenFOAM, programu ya kuiga mitiririko, kwa kuwa ni ya bure na mwanafunzi wa Tengeru au wa Chuo cha Ufundi Arusha anaweza kuishusha bila kuomba leseni. Hesabu zenyewe zinafaa kwa programu yoyote inayofuatilia matone kwa mafungu, yaani kundi la matone yanayofanana likihesabiwa kama kitu kimoja.

Hesabu ya mkono kwanza

Tuchukue nozeli ya matundu 6, kila tundu lina kipenyo cha milimita 0.14. Presha ya reli, bomba la pamoja linalolisha injekta, ni megapaskali 100, yaani baa 1,000. Ndani ya silinda kuna megapaskali 4, kwa hiyo tofauti ni 96. Dizeli ina densiti ya kilo 820 kwa mita ya ujazo. Kasi ya juu kabisa ambayo mafuta yanaweza kuwa nayo ni kipeuo cha pili cha (2 × 96,000,000 ÷ 820), ambacho ni mita 484 kwa sekunde. Eneo la tundu moja ni milimita za mraba 0.0154. Zidisha densiti kwa kasi kwa eneo: gramu 6.1 kwa sekunde.

Tundu halisi halitoi kiasi hicho. Kizigeu cha mtiririko, Cd, cha nozeli nzuri ya reli kinacheza karibu na 0.80, kwa hiyo tundu moja linatoa gramu 4.9 kwa sekunde. Sindano ikifunguka milisekunde 1, hiyo ni miligramu 4.9 kwa tundu na miligramu 29 kwa nozeli nzima. Andika namba hizi kwenye karatasi uzibandike juu ya meza. Simulesheni ikikuambia kitu cha mbali na hapo, iulize simulesheni kabla ya kuilaumu hesabu.

Sasa mtego wenyewe. Cd ni zao la vizigeu viwili: cha kasi, Cv, na cha eneo, Ca. Msuguano unapunguza kasi. Mapovu ya mvuke yanayozaliwa kwenye kona ya mlango wa tundu yanabana eneo. Kwa mfano wetu tuseme Cv ni 0.92 na Ca ni 0.87, ambavyo vikizidishwa vinatoa 0.80. Kasi halisi ni 0.92 × 484, yaani mita 445 kwa sekunde.

Fungua faili la sprayCloudProperties kwenye zoezi la aachenBomb linalokuja na OpenFOAM. Aina ya unyunyiziaji pale ni coneNozzleInjection, na flowType ni flowRateAndDischarge. Ndani yake kuna mstari ulioandikwa Cd. Aliyesoma vitabu atajaza 0.80 bila kusita, na atakuwa amekosea. Programu inachukua mtiririko ulioipa, inaugawa kwa densiti, kwa eneo la tundu, na kwa hiyo namba. Maana yake mstari ule unafanya kazi ya Ca ingawa jina lake ni Cd. Ukijaza 0.80, mafuta yanatoka kwa mita 484, kana kwamba hakuna msuguano wowote. Ukijaza 1 kwa kuona kwamba mtiririko tayari umepunguzwa, yanatoka kwa mita 387. Ukijaza 0.87, unapata 445.

Tofauti ya 387 na 445 inaonekana ndogo mpaka uifuatilie. Momenta ya mnyunyizo ni mtiririko mara kasi: niutoni 2.18 kwa kasi sahihi, 1.89 kwa kasi ya chini, pungufu la asilimia 13. Mpenyo, yaani umbali ambao mnyunyizo umefika, unafuata kipeuo cha nne cha momenta, kwa hiyo wenyewe unafupika kwa asilimia 3 au 4 tu na pengine hutaona. Lakini namba ya Weber, inayoamua tone lipasuke vipi, inafuata kasi mara kasi: imeshuka asilimia 24. Matone yanapasuka polepole kuliko inavyotakiwa, urefu wa kimiminika, yaani umbali ambao mafuta yanafika kabla ya kugeuka mvuke, unakuwa mrefu, nawe unaingia kwenye faili la matone kurekebisha kosa ambalo liko kwenye mstari mmoja wa nozeli.

Mizani ya karakana

Mtiririko usiuchukue kwenye karatasi ya mtengenezaji kama unaweza kuupima. Karakana za pampu na nozeli zina mashine ya kupimia injekta, na mhandisi akiomba kwa adabu na kulipia muda wa fundi, anapata data ambayo haipo popote kwenye mtandao. Mwambie fundi anyunyizie mara 1,000 kwa presha na muda uleule unaotaka kuiga. Mafuta ya nozeli yakusanywe kwenye chupa moja, ya kurudi kwenye nyingine. Usiyachanganye, kwa sababu ya kurudi hayaingii kwenye silinda. Pima chupa kabla na baada. Nozeli yetu ya mfano inatakiwa itoe gramu 29 hivi. Mizani yenye kusoma sehemu ya kumi ya gramu inatosha, kwani kosa lake ni kama asilimia 0.3. Rudia mara tatu. Vipimo vikipishana zaidi ya asilimia 2, tafuta sababu kwanza: hewa kwenye bomba, au mafuta ya mashine hayajafika joto lake, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 40.

Kuna masahihisho mawili. Mashine inanyunyizia kwenye chupa isiyo na presha, wakati silinda ina megapaskali 4. Kipeuo cha pili cha 96 ÷ 100 ni 0.98, kwa hiyo punguza asilimia 2. Pia mafuta ya injini iliyochemka ni mepesi: dizeli inapoteza karibu kilo 0.7 kwa mita ya ujazo kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo kutoka nyuzi 40 hadi 90 unapoteza kilo 35, na mtiririko unashuka asilimia 2 nyingine.

Mkono usikae mbele ya nozeli, hata kwa utani. Kwa presha hizi mafuta yanapenya ngozi kama sindano ya hospitali, na kidonda kinachoonekana kidogo kwa nje huishia kwenye meza ya upasuaji.

Umbo la mtiririko kwa muda linahitaji uangalifu wa namna yake. Kuweka mtiririko wa mraba, sifuri kisha 4.9 ghafla, kunaupa mnyunyizo mbio za mwanzo ambazo hauna. Sindano ya injekta ya reli inachukua milisekunde 0.1 hadi 0.2 kunyanyuka, kwa hiyo weka mteremko huo kwenye flowRateProfile. Halafu kuna kuchelewa: umeme ukifika kwenye injekta, tone la kwanza linatoka baadaye, mara nyingi karibu milisekunde 0.3. Kipimo cha maabara kikianzia kwenye umeme na simulesheni ikianzia kwenye tone, mistari yako itapishana kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna modeli itakayoisogeza.

Kama gari unaloliwazia ni Land Cruiser ya utalii yenye injini ya 1HZ, simama hapa. Injini ile inanyunyizia kwenye chumba cha pembeni kwa nozeli ya pini, si ya matundu. Hesabu za hapa hazitaiingia.

Hewa unayonyunyizia

Arusha mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa ni karibu kilopaskali 86. Moshi iko chini zaidi, mita 850 hivi, na presha karibu 91. Pwani ni 101. Kwa injini isiyo na tabochaja, tofauti hizi zinaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Tufanye injini yenye uwiano wa mgandamizo wa 17. Hewa ya Arusha kwa nyuzi 25 ina densiti ya kilo 1.0 kwa mita ya ujazo, na pistoni ikifika juu inakuwa 17. Hewa ya Dar es Salaam kwa nyuzi 30 ni 1.165, na juu inafika 19.8. Kwa kipeo cha mgandamizo cha 1.35, joto la Arusha linafika kelvini 803 na presha megapaskali 3.9. Pwani ni kelvini 817 na megapaskali 4.6. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 12, Arusha hiyo hiyo inashuka hadi kelvini 768, na hapo unaelewa kwa nini dizeli ya zamani inakohoa moshi mweupe kabla haijashika.

Kwa hiyo usijaze kilo 22.8 na kelvini 900 kwa sababu umeziona kwenye makala. Hizo ni za Spray A, kipimo cha mtandao wa watafiti uitwao Engine Combustion Network, ECN, na zina kazi yake tutakayoifikia. Kwa injini yako, anza na densiti uliyoikokotoa, kisha tafuta presha inayozaa densiti hiyo kwa mchanganyiko wa gesi ulioweka. Anayeweka presha kwanza na kuacha densiti ijitafutie hukosa kwa asilimia moja au mbili bila kujua.

Hapa pia ndipo pa kupata mstari wa kulinganisha wa bure. Kanuni ya Hiroyasu na Arai inasema kwamba baada ya mafuta kuvunjika, mpenyo ni 2.95 × kipeuo cha nne cha (tofauti ya presha ÷ densiti ya hewa) × kipeuo cha pili cha (kipenyo × muda). Kwa nozeli yetu na hewa ya kilo 17, baada ya milisekunde 0.5 ni milimita 38, na baada ya milisekunde 1 ni milimita 54. Kwa hewa ya pwani 54 inakuwa 52. Kanuni hii haichukui nafasi ya kipimo, ila simulesheni ikikupa milimita 35 kwa milisekunde 1, ujue kuna kitu kimevunjika kabisa.

Wavu

Zoezi la aachenBomb lina seli 41 × 100 × 41, zenye upana wa karibu milimita 0.5 na urefu wa milimita 1. Ni wavu wa kufundishia, na wengi wanaubeba hivyo hivyo hadi kwenye tasnifu.

Fikiria seli yenye upana wa milimita 1 mbele ya tundu la 0.14. Eneo la seli ni mara 65 ya eneo la tundu. Tone likisukuma hewa, programu inaugawa msukumo ule kwa seli nzima, kama mtu anayemimina kikombe cha chai kwenye pipa na kutegemea pipa lipate joto. Hewa inabaki imepooza. Tone linalofuata nyuma linakuta hewa iliyosimama badala ya upepo wa wenzake, linakabwa mno, na mpenyo unafupika. Mvuke nao unatapakaa kwenye seli nzima, hewa inaonekana kavu kuliko ilivyo, na matone yanakauka haraka kupita kiasi. Makosa mawili yanayovuta upande tofauti na uliotegemea, na yote yanafanana na kosa la modeli ya matone.

Weka milimita 0.25 kwenye milimita 40 za kwanza, upana wa milimita 10 kuzunguka mhimili. Hiyo ni seli 256,000 tu. Nje ya hapo 0.5 kisha 1. Usiendelee kupunguza ukidhani kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo bora. Tone la mwanzo lina kipenyo cha milimita 0.13. Kwenye seli ya 0.25 linachukua asilimia 7 ya ujazo, bado linavumilika. Kwenye seli ya 0.125 linachukua asilimia 59, na hesabu yote ya mafungu imejengwa juu ya dhana kwamba kimiminika ni kidogo ndani ya seli. Wanaotaka kuingia kwenye msukosuko wa kina hupita mpaka huo kwa njia nyingine na kompyuta nyingine, na hawafanyi mnyunyizo mmoja bali kadhaa wapate wastani. Kwa kompyuta ya mezani, 0.25 inatosha.

Elekeza mistari ya wavu ifuate mnyunyizo. Kwenye wavu wa mraba, mnyunyizo unaokwenda mshazari unapenya tofauti na unaofuata mstari, ingawa fizikia yake ni moja. Kwa nozeli ya matundu 6, ni nafuu kuiga tundu moja kwenye kipande cha digrii 60 kilichopinda na mhimili kuliko kuiga yote sita kwenye boksi.

Hatua ya muda: fungu lisivuke zaidi ya seli moja kwa hatua moja. Milimita 0.25 kwa mita 445 ni mikrosekunde 0.56, kwa hiyo weka maxDeltaT iwe 5e-7. Usitegemee maxCo peke yake. Hiyo inaangalia kasi ya gesi, na mwanzoni gesi imetulia, hivyo programu inajiruhusu hatua ndefu wakati ambapo mafuta yanatoka kwa kishindo.

Mafungu yawe 20,000 au zaidi kwa kila milisekunde. Ukipunguza seli kwa nusu, ongeza mafungu, la sivyo seli nyingi zitabaki bila fungu na grafu ya urefu wa kimiminika itaanza kurukaruka. Modeli ya kugongana kwa matone izime kwanza. Ile ya O'Rourke inategemea wavu kiasi kwamba kwenye seli za mraba mnyunyizo wa duara huweza kuota pembe nne kama ua. Kwa mnyunyizo wa moto unaokauka upesi, kugongana si jambo la kwanza.

Kila unapopunguza seli kwa nusu kwenye pande tatu, seli zinakuwa mara nane na hatua za muda mara mbili. Kazi ya saa moja inakuwa ya saa 16. Umeme nao haungojei simulesheni yako imalize. Weka writeInterval ya 5e-5 na startFrom iwe latestTime, ili ukirudi uendelee pale ulipokatikia.

Msukosuko wa hewa

Modeli ya k-epsiloni inatawanya mnyunyizo wa duara kupita kiasi. Hili linajulikana tangu zamani, na dawa ya kawaida ni kupandisha C1, mojawapo ya namba za modeli hiyo, kutoka 1.44 hadi karibu 1.55. Ni kuchezea namba pia, ndiyo, ila angalau ni kuchezea mahali ambapo kosa lipo. Chagua thamani moja kwa kipimo cha maabara, kisha uifunge.

Kosa la kawaida zaidi liko kwenye thamani za mwanzo. Zoezi lina k, nishati ya msukosuko, ya 1 na epsiloni, kasi ya nishati hiyo kupotea, ya 90. Ukubwa wa mizunguko ya hewa unapatikana kwa 0.164 × k kwa kipeo cha 1.5 ÷ epsiloni, ambao hapo ni milimita 1.8. Ni wa kawaida. Sasa mtu anataka injini halisi. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika na mwendo wa pistoni wa milimita 92, kasi ya wastani ya pistoni ni mita 6 kwa sekunde, msukosuko ni karibu nusu yake, na k inatoka 14. Anaandika 14, anaacha epsiloni 90. Mizunguko yake sasa ina milimita 95, mikubwa kuliko silinda yenyewe. Hewa imekuwa nzito kama uji, mnyunyizo unaingia hatua mbili na kusimama. Kwa k ya 14 na mizunguko ya milimita 1.8, epsiloni inatakiwa iwe karibu 4,800. Zibadilishe pamoja daima.

Mafuta gani hasa?

Heptani inapendwa kwa sababu data zake zote zipo na zoezi linaitumia. Lakini inachemka kwa nyuzi 98, wakati dizeli inachemka kati ya 180 na 360 hivi. Ukiiga dizeli kwa heptani, kimiminika kinakauka mapema mno na urefu wake unakuwa mfupi. Dodekani, nyuzi 216, ni nafuu, na ndiyo iliyochaguliwa kwa Spray A. Heksadekani, nyuzi 287, inafaa kuigia sehemu nzito ya dizeli.

Mbono kaburi (jatropha) ni habari nyingine, na huku kwetu una wapenzi wengi. Mafuta yake mabichi yana mnato wa karibu mara kumi wa dizeli kwa nyuzi 40. Kwenye tundu dogo mnato huo unabadilisha Cd yenyewe, si matone peke yake. Usichukue Cd uliyoipima kwa dizeli. Rudi karakanani upime upya. Mbono uliogeuzwa kuwa biodizeli unakaribia dizeli kwa mnato, lakini unachemka kwa joto la juu zaidi, hivyo utegemee kimiminika kirefu.

Joto la mafuta lijazwe kama lilivyo kwenye ncha ya nozeli. Kelvini 300 ni joto la dumu lililoko kivulini. Spray A inatumia 363, na kwa injini iliyochemka hiyo ni makadirio ya busara.

Sasa matone

Kwa modeli ya kupasua matone iitwayo KH-RT, mafuta yanatoka kama matone makubwa yenye kipenyo sawa na tundu linalofanya kazi: 0.14 × kipeuo cha pili cha 0.87, yaani 0.13. Ondoa mgawanyo wa ukubwa wa matone wa RosinRammler wa zoezini uweke kipenyo kimoja. Modeli yenyewe ndiyo itakayoyapasua. Ukiipa matone yaliyokwisha kupasuliwa unayapasua mara mbili. B0, inayoamua ukubwa wa matone mapya, iache 0.61. B1 ndiyo ya kurekebisha: ikikua, matone yanachelewa kupasuka na kimiminika kinarefuka. Anza na 40 ya OpenFOAM, sogeza kwa hatua kubwa, 40, 20, 10, uone mwelekeo kabla ya kukimbilia desimali.

Kulinganisha bila kudanganywa

Kabla ya nozeli yako, endesha Spray A. ECN imeweka vipimo vyake wazi, bure. Dodekani, tundu la mikromita 90, megapaskali 150, hewa ya kelvini 900 na kilo 22.8, mafuta kelvini 363. Kwa toleo lisilowaka, gesi ni asilimia 89.71 ya nitrojeni, 6.52 ya kaboni dayoksaidi na 3.77 ya mvuke wa maji, bila oksijeni, na presha inayozaa densiti hiyo ni megapaskali 5.95. Urefu wa kimiminika unatulia karibu milimita 10. Kwa ukubwa huo, seli ya milimita 1 inakupa seli kumi tu za kuonyesha jambo zima.

Angalia unachopima. OpenFOAM inaandika kwenye logi urefu unaobeba asilimia 95 ya uzito wa kimiminika. Maabara inaangalia mwanga unaotawanywa na matone, na ECN imewahi kupendekeza kwa simulesheni mahali ambapo kimiminika kinafika asilimia 0.1 ya ujazo. Namba hizo mbili si moja, na tofauti yake inaweza kuzidi kosa lote unalolitafuta. Mpenyo wa mvuke nao uuchukue pale sehemu ya mafuta inapofika asilimia 0.1 ya uzito. Logi hiyo hiyo ina jambo lingine muhimu: jumla ya mafuta yaliyoingia. Ilinganishe na miligramu zako kabla ya kuangalia picha yoyote.

Kisha soma dalili mbili pamoja. Mpenyo wa mvuke haujali sana matone. Unajali momenta, hewa, wavu na msukosuko. Ukiwa mfupi, B1 haihusiki, kaa mbali nayo. Mvuke ukiwa sawa na kimiminika kikawa kirefu au kifupi, angalia joto la mafuta, aina ya mafuta na seli za karibu na tundu. Vyote vikiwa safi ndipo B1 inapoingia. Mvuke mrefu na kimiminika kirefu kwa pamoja mara nyingi ni densiti ya hewa iliyowekwa chini.

Jaribio la mwisho halihitaji maabara. Ukishafunga namba zote, endesha nozeli yako kwa hewa ya kilo 17, halafu kwa kilo 34 kwa joto lile lile, bila kugusa kitu kingine. Mpenyo wa mvuke kwa milisekunde 1 unatakiwa kushuka kwa kipeuo cha nne cha 2, kutoka karibu milimita 54 hadi karibu 45. Ukishuka hadi 51 tu, au ukaporomoka hadi 38, mnyunyizo wako ulilingana na kipimo cha kwanza kwa bahati. Rudisha C1 na B1 kwenye thamani za mwanzo na uanze tena kwenye mstari wa nozeli.